Hela ya Mtoto Iwe ya Mtoto Kweli

Maswali mnayoniletea kuhusu watoto na hela yanafanana sana. Mwanangu ana miaka mitano, nimpe hela ya shule au nimfungie chapati? Wa miaka saba kila tukipita dukani analia, nifanyeje? Nikimwambia sina hela ananijibu, "Si zipo kwenye simu?" Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: hela zimepungua kwenye mkoba, na nyumbani tulikuwa mimi na yeye tu.

Nitajibu yote hapa, kwa watoto wa miaka mitatu hadi kumi hivi. Msimamo wangu ni mmoja: mtoto hujifunza hela akiwa na hela kidogo ambayo ni yake kweli, akiruhusiwa kuitumia vibaya, na mzazi akajizuia kumwokoa. Huhitaji kipato kikubwa. Sarafu ya mia mbili inatosha kuanzia.

Kwanza azione

Wengi wetu tulikua tukiziona hela. Mshahara ukitoka, noti zilihesabiwa mezani, za kodi huku, za unga kule. Mtoto wa leo anamwona mama akibonyeza simu, kisha mchele unakuja. Huduma za pesa kwa simu zilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo wamezaliwa watoto wengi katika nyumba ambazo hela haionekani ikitoka. Kwa hiyo akikujibu kwamba zipo kwenye simu, usimwone mjeuri. Anasema anachokiona.

Fanya hivi:

- Siku ya kutoa hela, nenda naye kwa wakala. Asimame karibu, aone noti zikihesabiwa. Mwambie, "Nimetoa elfu ishirini. Kwenye simu zimepungua elfu ishirini na kidogo. Hicho kidogo ni makato."
- Ukilipa kwa lipa namba, mwonyeshe salio kabla na baada. Mtoto anayesoma tarakimu atakuambia mwenyewe kwamba zimepungua.
- Wiki moja kila mwezi, endesha nyumba kwa noti. Toa hela ya wiki, igawe kwenye makopo: sokoni, mkaa au gesi, nauli. Kila mnapotaka kitu, yeye ndiye akachukue kwenye kopo lake. Kopo la sokoni likiwa jepesi kufikia Alhamisi, atauliza kabla hujamwambia.

Tahadhari moja: usihesabu mbele yake hela ya kikoba au ya mchezo wa akina mama. Mtoto wa miaka sita hana siri, na kufikia jioni jirani atakuwa anajua zamu ni ya nani.

Miaka mitatu hadi mitano: kuzijua sura

Hapa hakuna hesabu, ni kutambua tu. Noti zetu za Tanzania zina msaada mkubwa kwa asiyejua kusoma: elfu moja ina Mwalimu Nyerere, elfu mbili simba, elfu tano faru, elfu kumi tembo. Mtoto wa miaka minne huzishika hizo kwa siku chache, hasa tembo.

Sarafu ndizo zinazowachanganya. Mwekee mkono mmoja sarafu tano za mia, mkono wa pili sarafu moja ya mia tano, umwulize achague. Atachagua zile tano, kwa sababu ni nyingi. Usimcheke. Chezeni duka: pakiti tupu ya majani ya chai, kopo la maziwa, boksi la kiberiti, kila kimoja na bei yake. Mwache anunue kwa zile tano, kisha anunue kitu hichohicho kwa ile moja. Rudieni siku nyingine. Halafu mgeuze awe muuzaji. Watoto wengi huelewa wakiwa upande wa muuzaji, kwa sababu hapo wanaona kwamba hela ikiingia, kitu lazima kitoke.

Mtoto anayeweka kila kitu mdomoni asichezee sarafu kabisa. Akimeza, mpeleke hospitali, usikae ukingoja itoke yenyewe. Na wote wanawe mikono baada ya mchezo; hela imepita kwa watu wengi kuliko kikombe cha mgahawani.

Kumtuma dukani ndiyo shule yenyewe

Tunawatuma watoto dukani kila siku bila kufikiri kwamba tunafundisha. Fikiri, na upandishe ngazi taratibu:

1. Kitu kimoja, hela kamili. "Nenda kwa Mangi, chumvi pakiti moja, hela hii hapa." Arudi na kitu.
2. Kitu kimoja, hela yenye chenji. Kabla hajatoka, mwambie chenji itakuwa ngapi. Akirudi, aitaje mwenyewe.
3. Kitu kimoja, lakini hesabu ya chenji aipige yeye kabla ya kwenda. Akikosea, msahihishe nyumbani, asiaibike dukani.
4. Vitu viwili au vitatu, bila karatasi.
5. Uamuzi. "Hii elfu moja, leta mboga. Ukipata mafungu mawili ya mchicha sawa, ukiona matembele ni mazuri zaidi, chagua wewe."

Ngazi ya tano ndiyo wazazi wengi hawaifikii, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Mtoto wa miaka minane aliyewahi kusimama gengeni akipima fungu la nyanya ndogo nyingi na fungu la kubwa chache amejifunza kitu ambacho daftari halimpi. Akileta mboga iliyonyauka, ipikeni, mle. Usimrudishe akabadilishe, na usimtangaze mezani.

Makosa ya kawaida hapa:

- Kutosema chenji ni ya nani. Leo unasema "baki nayo," kesho unamfokea kwa kununua peremende kwa chenji. Sema kabla hajatoka, kila mara.
- Kumpa noti kubwa mtoto mdogo. Elfu kumi mkononi mwa mtoto wa miaka sita inamtia hatarini yeye, si hela tu.
- Kupokea chenji ya pipi. Maduka mengi yakikosa hamsini hutoa pipi au kiberiti. Mfundishe maneno: "Samahani, mama amesema nirudi na hela." Akiambiwa haipo, aulize kama anaweza kuidai kesho. Mwenye duka anayemjua atacheka na kukubali.
- Kumtuma kukopa. Daftari la dukani ni lako. Mtoto akitumwa kila mara na "mama amesema uandike," anajifunza kwamba hela ikiisha unatuma mtu mdogo akaone aibu badala yako.
- Kumchapa akipoteza hela. Hapa nina msimamo mkali. Anayechapwa kwa kupoteza mia tano hajifunzi kutunza, anajifunza kusema kwamba imeporwa. Mrudishe njia aliyopita, mkatafute pamoja. Msipoiona, siku ile nyumba ile haina kile kitu, na hilo linatosha.

Hela yake mwenyewe: kiasi na siku

Kwanza tenganisha mambo mawili. Nauli na hela ya uji si ya mtoto. Ni hela yako anayoibeba. Isipotosha, jukumu ni lako. Hela yake ni ile ambayo hata akiimalizia kwenye ubuyu hakuna atakayelala njaa. Hizi mbili zikae mahali tofauti, na ile yake ni bora ibaki nyumbani. Wanaoniuliza "wenzake wakimnyang'anya shuleni?" jibu ndilo hilo.

Kiasi? Sitakutajia tarakimu, maana hela ya Masaki si ya Mbagala, na ya Mbagala si ya Namanyere. Tumia kipimo hiki: itoshe kununua vitu viwili vidogo anavyovipenda, isitoshe vitatu. Ikitosha kila kitu hakuna cha kuchagua. Isipotosha hata kimoja, hakuna cha kuamua.

Siku? Wa miaka mitano au sita, mara mbili kwa wiki, kwa sababu wiki nzima kwake ni mbali mno. Kuanzia miaka saba, mara moja kwa wiki. Miaka tisa au kumi, jaribu kila baada ya wiki mbili. Chagueni siku, muishike.

Sheria ziwe chache:

- Inatolewa siku ileile hata kama jana alikosa adabu. Adhabu tafuta nyingine.
- Haiongezwi katikati.
- Anaamua yeye, isipokuwa kwa vitu vichache mlivyokubaliana kwamba havinunuliwi.

Najua mnachotaka kusema.

*"Sina hela ya kumpa kila wiki."* Wiki hii andika kila shilingi unayoitoa kumnyamazisha: lambalamba, bisi, kashata, ile soda ya kituo cha basi. Jumla hiyo tayari unampa, ila unampa akilia. Mpe bila kilio. Na kama kweli haipo kabisa, tumia ngazi ya tano ya dukani. Mtoto anaweza kujifunza kuamua kwa hela ya mboga bila kumiliki hata mia.

*"Ataimalizia kwenye pipi."* Ndiyo, wiki ya kwanza. Pengine na ya tatu. Afadhali aimalizie kwenye pipi akiwa na miaka saba kuliko kumalizia boom lote la mkopo kwenye simu mpya akiwa chuo.

*"Sisi hatukupewa na tumekua."* Tumekua, lakini wengi tuliuza maandazi, tulipeleka maziwa kwa jirani, tulihesabu chenji za watu wazima. Mtoto anayeletwa na basi la shule mpaka getini hana hayo.

Imeisha Jumatatu

Sehemu hii isome mara mbili, maana hapa ndipo mpango wote hufa.

Amepewa Jumamosi. Jumatatu jioni mwenye baiskeli ya lambalamba anapita, kengele inalia, watoto wa jirani wananunua. Anakuja.

"Mama, naomba mia mbili."

"Hela yako iko wapi?"

"Imeisha."

"Pole mwanangu. Jumamosi inakuja."

Ishia hapo. Usiongeze neno. Mambo matatu yanakuja mdomoni yenyewe, na yote ni mabaya. La kwanza ni "nilikuambia," ambalo linageuza somo la hela kuwa ugomvi wa mama na mtoto. La pili ni hotuba ya robo saa kuhusu jinsi unavyohangaika. Hasikii, lambalamba inayeyuka mikononi mwa wenzake. La tatu ndilo baya kuliko yote: "Haya chukua, lakini hii ni mara ya mwisho." Mtoto si mjinga. Anachokiandika kichwani ni kwamba hela huisha, lakini mama haishi.

Atalia. Kilio cha Jumatatu ya kwanza ni kirefu, cha pili ni kifupi, na baada ya wiki kadhaa utamwona anasimama mlangoni, anamtazama mwenye lambalamba, anarudi ndani kuhesabu zake. Usimpongeze kwa vigelegele. Mwache tu.

Vipi kama imepotea, hakuitumia? Imepotea. Mpe pole kama ungempa mtu mzima aliyeibiwa, mkae naye, lakini usiirudishe.

Na bibi? Kila nyumba ina bibi, au shangazi, au mjomba wa mwisho wa mwezi, anayetoa mia tano mtoto akikunja uso. Huwezi kumkataza mama yako kumpa mjukuu wake, na wala usijaribu. Mwombe kwa heshima jambo moja: "Mama, mpe unavyotaka, ila usimpe akiwa analia." Wengi hukubali, hasa wakiombwa faragha.

Baba na mama mkubaliane kabla ya kuanza. Mtoto akigundua kwamba Jumatatu ya mama ni ngumu lakini ya baba ni laini, atampigia baba simu kazini.

Kibubu, na mzazi anayekivunja

Wa miaka minne hadi sita aanze na chupa ya maji iliyokatwa au kopo linaloonyesha ndani. Anahitaji kuona zikipanda. Kibubu cha mbao cha kupigiliwa misumari kinamfaa wa miaka saba na kuendelea, anayeweza kuamini kitu asichokiona. Mpeleke kwa fundi seremala, akichague mwenyewe.

Hatua zenyewe:

1. Lengo liwe kitu kimoja anachokitaka yeye. "Kuweka akiba" si lengo kwa mtoto, na "ada ya mwakani" ni lengo lako.
2. Muda uwe mfupi. Miaka mitano, wiki mbili. Miaka saba, mwezi. Miaka tisa, muhula.
3. Ikiwa lengo liko mbali, lisogeze. Tuseme anapata 1,000 kwa wiki, anaweka 500, na mpira ni 6,000. Hizo ni wiki 12, atakata tamaa. Mwambie, "Ukifikisha 3,000, naweka 3,000." Sasa ni wiki 6. Na ahadi hiyo usiivunje.
4. Siku ikifika, avunje mwenyewe, ahesabu mwenyewe, aende dukani na sarafu zake, alipe mwenyewe. Muuzaji akinung'unika kuhesabu sarafu, wewe simama pembeni.

Usimlazimishe kuweka yote. Mtoto asiyeruhusiwa kutumia hata mia hufundishwa kujificha. Nusu kwa nusu inatosha. Kama mnakwenda kanisani au msikitini na mnataka atoe, atoe kutoka kwenye yake, kiasi anachopanga yeye. Ukimpa sarafu mlangoni aitumbukize, aliyetoa ni wewe.

Sasa jambo ambalo hamkuniuliza. Wazazi wengi wanavunja vibubu vya watoto. Gesi imeisha, mshahara haujatoka, unachokoa kwa kisu, unasema utarudisha. Au ni Idi: mtoto amezunguka kwa ndugu tangu asubuhi, mkono wa Idi umejaa mfukoni, unamwambia, "Lete nikutunzie." Hela hiyo haionekani tena. Akiuliza, anaambiwa, "Kwani hukula nyama?" Baada ya hapo unataka akuamini ukisema akiba ni nzuri. Ameshajifunza kwamba hela iliyowekwa huliwa na mkubwa, na iliyotumiwa upesi ndiyo yake.

Ukihitaji kukopa, kopa kama mtu:

- Muombe, na akikataa ukubali.
- Andikeni: kiasi, tarehe ya kurudisha. Kalenda ya ukutani inafaa.
- Rudisha siku ileile, mbele yake, azihesabu.

Mkopo mmoja wa namna hiyo ukilipwa vizuri unafundisha deni ni nini kuliko maelezo yoyote. Hela ya sikukuu kama ni nyingi mno kwa umri wake, kubalianeni kabla ya sikukuu: sehemu ya kutumia siku hiyo, sehemu ya kibubu, na ile kubwa iende benki kwa jina lake.

Wenye watoto wa miaka minane na zaidi, pamoja na binamu zao, jaribuni mchezo mdogo wa kupokezana hela. Watoto wanne, mia tano kila mmoja kwa wiki, kila wiki mmoja anapokea elfu mbili, mama mmoja awe kijumbe, yaani mkusanyaji. Aliyepokea wa kwanza ndiye mwenye mtihani, kwa sababu lazima aendelee kutoa wiki tatu zinazofuata akiwa hana cha kungojea. Na kijumbe asimlipie.

Alipwe kwa kazi za nyumbani?

Kuosha vyombo alivyolia, kutandika kitanda, kufagia uwanja: hapana. Hizo ni kazi za kuishi pamoja. Ukimlipa kwa vyombo, siku moja atakuuliza kumsaidia bibi kubeba maji ni shilingi ngapi, na utakuwa umemfundisha wewe. Kazi isiyo ya kawaida, ambayo ungemlipa mtu mwingine, kama kuosha makapeti au kupanga stoo, mlipe bei mliyopatana kabla.

Biashara ndogo ni nzuri, ikiwa nyumbani na ikiwa mchezo wa kujifunza. Karanga, kwa mfano. Tuseme karanga, chumvi na vifuko vimegharimu 3,000. Mmepata vifuko 20, kila kimoja 200. Vikiuzwa vyote ni 4,000. Mtaji ukirudi, faida ni 1,000. Lakini amekula vifuko vitatu, kwa hiyo mauzo ni 3,400 na faida ni 400. Mweke akokotoe mwenyewe ile 600 imekwenda wapi. Hapo ndipo watoto hucheka.

Usivuke mstari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi. Mtoto wa miaka tisa kuzungusha karanga kituo cha daladala saa mbili usiku ni hatari, hata ukiiita mafunzo ya ujasiriamali.

Mwalimu aliyeko ukutani

Mita ya umeme ya LUKU ni zana ya bure ambayo karibu hakuna anayeitumia. Mtoto anayesoma tarakimu aingize mwenyewe zile namba 20 za umeme. Aandike uniti zilizosomeka. Kesho saa ileile asome tena. Siku ya kupiga pasi nguo za wiki nzima, asome kabla na baada. Kisha muulize taa ya chooni iliyolala ikiwaka ni ya nani. Somo hili lina faida ya ziada kwako, maana atakuwa askari wa swichi, na atakukamata wewe kwanza.

"Hakuna hela"

Tunasema hivyo kwa sababu ni fupi. Halafu dakika tano baadaye unanunua vocha. Mtoto anaona mambo mawili: unadanganya, au hela hutokea mkubwa akiitaka. Badilisha maneno:

- "Hela ipo, ni ya unga na nauli." 
- "Leo hatununui hicho. Unaweza kununua kwa yako."
- "Ni ghali kuliko nilivyopanga."
- "Kweli wiki hii tumeishiwa. Tutakula, shule mtaenda, lakini vya ziada hakuna."

Hilo la mwisho liseme ikiwa ni kweli, kwa sauti ya kawaida. Mtoto akisikia kwamba chakula na shule vipo, hatakesha. Asichopaswa kubeba ni ugomvi wenu wa kodi. Huo uhamisheni chumbani.

Mkienda duka kubwa, mwambie mlangoni, si kwenye rafu: "Leo tunanunua sabuni na mafuta. Ukitaka kitu, umekuja na hela yako?" Akilia, acheni mnachonunua kisubiri, tokeni nje mpaka anyamaze, mrudi. Ukinunua ili kunyamazisha watu wanaokutazama, utalia naye kila mwisho wa mwezi.

Akichukua bila kuomba

Kabla ya yote, hakikisha. Hela iliyohesabiwa vibaya imewaumiza watoto wengi, na wasichana wa kazi pia.

Wa miaka minne anayechukua sarafu mezani hajaiba kama unavyofikiri wewe. Mwambie, "Hii ni ya mama, huombwa," airudishe, yaishe. Wa miaka saba na kuendelea anajua. Mwite peke yake. Usimwulize "umechukua?" ikiwa unajua, unamfundisha kusema uongo. Sema, "Elfu mbili imetoka kwenye mkoba wangu na najua unayo. Tuongee ilikuwa ya nini." Sikiliza jibu, maana mara nyingine kuna mtoto mkubwa shuleni anayemdai kila siku, na hapo tatizo si lake. Kisha alipe kidogo kidogo kutoka hela yake, isizidi nusu ya hela ya wiki, mpaka deni liishe.

Usimwite mwizi. Wala usiwaeleze ndugu kwenye kundi la WhatsApp. Na mkoba usiuache wazi sebuleni halafu ukasema unampima.

Simu na mashine

Haya ni maonyo tu:

- Namba ya siri haitajwi kwa mtoto, hata yule anayekusaidia kusoma meseji. Ibadilishe kama anaijua.
- Msomee ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii." Mwonyeshe kwamba hakuna jina, hakuna deni, na kwamba huandikwa kwa watu wengi wakitarajia mmoja ajichanganye. Watoto hupenda kumkamata tapeli.
- Simu anayochezea gemu isiwe ndiyo yenye hela. Ikiwa ni moja, kaa naye.
- Zile mashine za dubwi zinazokula sarafu ya mia mbili karibu na maduka ni kamari. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18. Mtoto aliyepewa chenji anapita mbele yake kila siku, na huona mtu akishinda, hamwoni akirudi kupoteza. Mwambie wazi, na mwenye duka mwambie pia.

Benki, kibubu kikijaa

Miaka minane au tisa inatosha. Benki nyingi zina akaunti ya mtoto inayosimamiwa na mzazi, na kwa malengo ya miaka mingi upo Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, ulioanza mwaka 2008. Kabla ya kusaini uliza:

- Kiasi cha chini cha kufungulia ni kipi, na kuna makato ya mwezi?
- Nikitoa kabla ya muda, napoteza nini?
- Nani anaruhusiwa kutoa, na mtoto akifika miaka 18 inakuwaje?

Nenda naye. Zile sarafu na noti aziweke dirishani kwa mikono yake, na risiti aibebe yeye. Kila baada ya miezi mitatu mwonyeshe salio. Utaombwa cheti cha kuzaliwa. Kama hana, anzia RITA, wanaokitoa, wiki hii, kwa sababu hicho ndicho kitakachokuchelewesha kuliko yote niliyoyaandika hapa.